Mchimbaji na Mganga: Jinsi Tangawizi Mwitu Ilivyotoweka Natal

Katika jimbo la KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, tangawizi mwitu haioti tena porini. Wataalamu wa mimea wameihesabu kuwa imetoweka katika ardhi yote ya jimbo hilo. Lakini ukifika Durban, kwenye soko la dawa za mitishamba la Warwick, lililowekwa miaka ya 1990 juu ya daraja la barabara kuu ambayo haikumalizwa, utaikuta. Imetandazwa juu ya magunia, katikati ya magome na mizizi ya kila aina: matunguu madogo yenye umbo la pia, kila moja limezungukwa na vijizizi vinono, ngozi yake kahawia, na likikatwa ndani ni jeupe na linatoa harufu ambayo mnywaji yeyote wa chai ya tangawizi ataitambua bila kuambiwa. Wazulu huiita isiphephetho, na wengine indungulo. Mmea umekwisha nyumbani, na dawa bado inauzwa nyumbani. Wengi wakilitazama jambo hili hukimbilia jibu moja: waganga na wateja wao wameimaliza, mila imeula mti wake wenyewe. Jibu hilo linarudiwa mno, tena na watu wenye nia njema ya kuhifadhi mazingira, na naona si sahihi. Watu walitumia tangawizi hii vizazi kwa vizazi na ikaendelea kuota. Kilichoimaliza ni kutengana kwa watu wawili ambao zamani walikuwa mtu mmoja, yaani yule anayechimba na yule anayetibu.

Mmea wenyewe unafaa kujulikana kwanza, maana nusu ya historia yake imo ndani ya umbo lake. Kwa jina la kitaalamu ni Siphonochilus aethiopicus, wa jamii moja na tangawizi ya sokoni, manjano na iliki. Umeenea kutoka Senegal hadi Ethiopia, ukashuka kupitia Tanzania hadi kaskazini mashariki ya Afrika Kusini. Natal ilikuwa kwenye ukingo wa kusini kabisa wa makao yake, na mmea ulio ukingoni haujazani kama ulivyo katikati ya nchi yake. Wakati wa baridi majani hufa yote na usingejua kama pana kitu chini ya udongo. Mvua za kwanza zikinyesha, ua la rangi ya waridi iliyokolea zambarau, lenye doa la manjano katikati, huchomoza karibu kabisa na ardhi, na halimalizi siku mbili. Matunda nayo hukaa chini, usawa wa udongo. Kinachotakiwa kwa dawa ni tunguu, na tunguu ndiyo akiba ambayo mmea unaishi nayo kipindi chote cha ukame. Ukichuma majani ya mwarobaini, mti unabaki na msimu ujao utachuma tena. Ukiondoa tunguu lote la isiphephetho, umeondoa mmea pamoja na mwaka wake wa kesho. Ila tabia hiyo hiyo ina upande wa pili: ukirudisha kipande cha tunguu ardhini, kitachipua. Mmea huu unamalizika upesi na unazalishwa kwa urahisi, na lipi kati ya hayo mawili litatokea inategemea mkono ulioshika jembe.

Matumizi yake yameandikwa na watu wengi na yanakubaliana. Tunguu bichi hutafunwa kwa kikohozi, mafua na homa ya mafua. Hutumiwa kwa pumu na kwa maumivu ya kichwa. Waswazi wameitumia kwa malaria, na wanawake wao kwa maumivu ya hedhi. Wazulu vilevile wameitegemea kuwakinga na radi na nyoka. Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kuelezwa mengi kuhusu neno linalobeba yote haya, umuthi, maana ni lile lile neno letu mti. Kwao neno moja limebeba mti na dawa, kama sisi tunavyosema mitishamba. La kuangalia hapa ni kipimo. Mtu mwenye kikohozi anatafuna kipande. Hatafuni gunia. Kama matumizi yangebaki kwenye kipimo hicho, yaani mgonjwa anajulikana, mganga anajua anachohitaji, na shimo linachimbwa kwa ajili ya kifua cha fulani, mmea ungekuwa na nafasi ya kupumua.

Na kwa muda mrefu ndivyo ilivyokuwa. Inyanga, mganga wa dawa, alichimba mwenyewe au alimtuma mwanafunzi wake. Mtafiti Tony Cunningham, aliyechunguza biashara ya mitishamba Natal miaka ya 1980, alieleza jinsi uchimbaji wa zamani ulivyobanwa na mambo kadhaa kwa pamoja: miiko ya nani aruhusiwe kuchimba, miiko ya majira, na hata zana yenyewe, kwa kuwa kijiti kilichochongwa ncha hakichimbi kama jembe la chuma. Mfano mmoja ni wa ikhathazo, mzizi mwingine maarufu wa kikohozi, ambao desturi ilitaka uchimbwe majira ya baridi, mbegu zikiwa zimeshaanguka. Wapo wanaopinga wakisema kwamba miiko hiyo haikuwa uhifadhi hata kidogo; ilikuwa hofu ya mizimu na ya dawa kupoteza nguvu, na sisi wa leo tunaivika joho la ikolojia. Sioni kama pingamizi hilo linabadili hesabu. Aliyengoja baridi kwa kuogopa mizimu na aliyengoja baridi kwa kujali mbegu, wote wawili waliacha mbegu ardhini. Tena palikuwa na sababu isiyohitaji mizimu wala elimu ya mimea: inyanga aliyemaliza matunguu ya bonde lake amejifungia duka lake mwenyewe, kwa sababu mwakani ni yeye atakayerudi pale pale na kukuta shimo tupu.

Kuanzia katikati ya karne ya 19 utaratibu huo ulivunjika, si kwa pigo moja. Mwaka 1849 utawala wa Kiingereza Natal ulianza kutoza kodi ya kibanda, na familia ambayo haikuwahi kuhitaji fedha taslimu ikalazimika kuzitafuta kila mwaka. Mwaka 1891 Kanuni ya Sheria za Wenyeji ya Natal iliwatambua izinyanga kwa leseni, huku ikiwakataza wapiga ramli. Leseni ilikuwa na faida yake, lakini ilimgeuza mganga kuwa mtu wa biashara aliyesajiliwa, mwenye ada ya kurudisha na wateja wa kutafuta mbali na kijiji chake. Reli ilifika Pietermaritzburg mwaka 1880, na baada ya dhahabu kugunduliwa Witwatersrand mwaka 1886, ikaendelea hadi kuiunganisha Durban na Johannesburg mwaka 1895. Maelfu ya vijana wa Kizulu, Kisotho na Kiswazi walikwenda kufanya kazi chini ya ardhi, kwenye vumbi la mawe lililokula mapafu, na kulala katika mabweni yaliyosongamana. Dawa ya kifua ilipata soko ambalo halijawahi kuwapo. Huu mwisho ni ujumlishaji wangu, lakini sioni namna nyingine ya kusoma miaka hiyo: mmea wa kikohozi, uliokuwa haba tangu mwanzo, ukakutana na kizazi kizima chenye kikohozi na chenye mshahara.

Ushahidi mzito zaidi ni tarehe. John Medley Wood, aliyesimamia bustani ya mimea ya Durban na kuanzisha hifadhi ya mimea iliyokaushwa pale, alianza kuchapisha kitabu chake cha picha za mimea ya Natal mwaka 1898. Kufikia wakati huo matunguu ya tangawizi mwitu yalikuwa tayari ni bidhaa ya kubebwa kati ya Natal na Basutoland, nchi tunayoiita leo Lesotho. Kufikia 1911 mmea ulikuwa umeshatoweka kwenye mabonde ulikokuwa ukijulikana kupatikana. Ikumbukwe kwamba sensa ya mwaka 1904 ilihesabu Natal nzima, pamoja na Zululand, watu milioni 1.1 tu, na jimbo hilo leo lina watu zaidi ya milioni 12. Kwa hiyo wanaosema kwamba watu wamezidi na mitishamba haitoshi, kwa mmea huu wamechelewa. Ulikwisha wakati watu ni wachache na nchi bado ni pana.

Lipo pingamizi la miwa, na hili nalichukulia kwa uzito. Ukanda wa pwani ya Natal ulianza kulimwa miwa tangu miaka ya 1850, na kuanzia mwaka 1860 walowezi wakaleta vibarua wa mkataba kutoka India kuifanyia kazi. Vichaka vilifyekwa na udongo ukapinduliwa. Hakuna tunguu linalostahimili plau kila msimu. Bila shaka mimea mingi ya tangawizi mwitu ilifia chini ya miwa. Lakini miwa haitoshi kueleza kilichotokea. Mashamba yalikaa ukanda wa chini karibu na bahari, na yalipofyeka hayakuchagua: yaliondoa mmea wa dawa na usio wa dawa sawasawa. Tunachokiona Natal ni uchaguzi. Isibhaha, mti ambao gome lake hutafunwa kwa kikohozi, uliambuliwa hadi ukawa nadra ndani ya misitu ambayo hakuna aliyeilima. Ikhathazo ilipungua kwenye nyasi za milimani, mahali ambapo miwa haiwezi hata kuota. Majirani zao wasiotakiwa na soko wamebaki palepale. Jembe la mkulima halijui mmea upi ni dawa ya kifua.

Pingamizi la pili linauma zaidi, kwa sababu lina ukweli ndani yake. Biashara ile ya kabla ya 1898 kati ya Natal na Basutoland ilikuwa ya Waafrika: waliochimba ni Waafrika, waliobeba ni Waafrika, walionunua ni Waafrika. Anayetaka kuitupia serikali ya kikoloni lawama zote atakwama hapa, nami sitaki kumtetea. Kodi na reli viliisukuma biashara, lakini mikono iliyong'oa ilikuwa ya wenyeji, na waganga wa mjini walifurahia kupokea. Mwaka 1940 inyanga mashuhuri, Mafavuke Ngcobo, alishtakiwa na serikali kwa kufanya kazi kama mfamasia. Kesi yake inatuonyesha mganga wa namna mpya kabisa: mwenye duka, mwenye dawa zilizochanganywa tayari, na mwenye chama cha waganga nyuma yake. Alikuwa mtu hodari na alistahili heshima kubwa kuliko aliyopewa. Lakini mganga wa namna hiyo hawezi kupanda mlima kila anapohitaji tunguu. Ananunua kwa aliyetoka mlimani. Na aliyetoka mlimani hakumwona mgonjwa, hajui ni kipande kiasi gani kitatumika, analipwa kwa gunia, na mwakani huenda atachimba bonde jingine. Ule mlango wa kuogopa shimo tupu umefungwa kwake. Hoja yangu imesimama hapo, na haihitaji mkosaji mweupe wala mweusi. Inahitaji kuona umbali ulioingia kati ya shimo na kifua cha mgonjwa.

Umbali huo ulizidi karne ya 20 ilivyosonga. Kazi ya kuchimba iliangukia zaidi wanawake wa vijijini, wengi wao wakiwa hawana ardhi ya kutosha wala kipato kingine. Ripoti ya Myles Mander ya mwaka 1998 ilikadiria kwamba katika KwaZulu-Natal peke yake zaidi ya tani 4,000 za mitishamba zilikuwa zinauzwa kila mwaka, na kwamba watu kati ya 20,000 na 30,000, wengi wanawake, walipata riziki humo. Sheria ya uhifadhi ya mwaka 1974 ilikuwa tayari ipo ikilinda mimea ya porini. Haikuzuia kitu cha maana. Soko halikufungwa kwa sababu wagonjwa hawakuisha. Lilichofanya ni kusogeza mashimo mbali zaidi, hadi Eswatini na Msumbiji, na kufanya bei ipande kadiri safari ilivyorefuka. Kumnyang'anya mama mmoja gunia lake kunaonekana kama kazi imefanyika, lakini matunguu yaliyo ndani ya gunia hilo yameshang'olewa, na mama mwingine yuko njiani. Sheria hiyo ilimfuata mtu wa chini kabisa kwenye mnyororo na kumwacha kila aliye juu yake.

Wengine watasema yote haya ni kelele juu ya dawa isiyotibu. Mwaka 2002 watafiti wa Afrika Kusini walieleza kemikali inayotawala katika mafuta ya tunguu hili, iliyopewa jina sifonokiloni, kitu ambacho hakimo katika tangawizi tunayotia kwenye chai. Majaribio ya maabara yaliyofuata yalionyesha uwezo wa kupunguza uvimbe na kuvizuia vimelea vya malaria ndani ya chombo cha maabara, na wanyama waliopewa dondoo lake walipata nafuu kwenye dalili zinazofanana na pumu. Hayo si sawa na kumtibu mtu, na anayeuza vidonge vyake kana kwamba ni sawa anadanganya. Mwenye pumu kali anahitaji hospitali. Kwa mwanahistoria, hata hivyo, matokeo hayo yanajibu swali moja dogo lenye uzito. Tangawizi ya Kihindi imekuwa ikipatikana Natal kwa bei nafuu kwa miaka mingi. Kwa nini basi watu hawakuhamia huko na kuiacha ya porini ipumzike? Kwa sababu wanaoijua hawakuwahi kuziona kuwa kitu kimoja, na maabara imewathibitisha. Waliofikiri ni tangawizi tu, iwe ya porini au ya dukani, ni walioipa jina la Kizungu.

Njia iliyobaki ni kuipanda, na hapa historia inageuka kwa namna inayonipa matumaini. Kitalu cha Silverglen cha jiji la Durban kimekuwa kikiizalisha tangu miaka ya 1980, pamoja na kuwafundisha waganga namna ya kuigawa. Kazi yenyewe ni nyepesi. Tunguu hukatwa vipande wakati wa baridi likiwa limelala, kila kipande kikiwa na jicho, huzikwa kwenye udongo usiotuamisha maji, na hakimwagiliwi hadi joto lirudi. Lililosumbua zaidi ya ukulima ni imani kwamba dawa iliyopandwa haina nguvu, kwamba nguvu inatoka porini. Wapo waganga walioshikilia hivyo, na Cunningham aliwakuta Botswana. Natal yenyewe alikuta wengi walio tayari kuikubali, jambo lisiloshangaza ukizingatia kwamba wao ndio waliokwishaona pori tupu. Watafiti wa Pietermaritzburg nao walipolinganisha majani na matunguu waliona kwamba kwa baadhi ya kazi majani yanaweza kutumika badala yake, na majani huchumwa bila kuua. Faida kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, haimo hata katika idadi ya miche. Mganga anayechimba nyuma ya nyumba yake amerudi kuwa mtu mmoja: anajua amebakisha nini, na ni yeye atakayekuta shimo.

Msomaji wa Kenya hahitaji kusafiri hadi Durban kuyaona haya. Upo mzizi mwingine ambao Waingereza wa Natal nao waliuita tangawizi, tangawizi ya White, ijapokuwa si wa jamii hiyo hata kidogo. Ni mmea wa kutambaa, mzizi wake una harufu tamu ya vanila. Wataalamu wakaupa jina Mondia whitei, wakichanganya jina la mlowezi na neno la Kizulu umondi. Natal nao umechimbwa hadi ukawa wa kutafutwa. Magharibi ya Kenya ndio mukombero, unaotafunwa kwa hamu ya chakula na kwa nguvu za kiume. Zamani wazee walitafuna walichochimba wenyewe, na leo huuzwa vipande vipande stendi za mabasi hadi Nairobi, na vijana ambao hawajawahi kuona ulikotoka. Kandokando ya msitu wa Kakamega wapo wakulima waliofundishwa kuupanda, na wapo wanaovuna nyumbani tayari. Ndani ya msitu, mzizi bado unang'olewa wote, na shimo halifukiwi.